Kaka Yetu Kaza na Spana Namba Kumi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu shemeji amesema nina sauti, ingawa kaka alikuwa akisema nina maneno mengi.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kaza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha shule ya ufundi, ambako alipata jina hilo kwa kuwa hakuweza kupita kwenye kiti kinachocheza bila kukipindua na kukaza skrubu zake.

Tarehe 3 Januari 1982 aliajiriwa jeshini kuwa fundi wa injini za ndege za mafunzo, akastaafu mwaka 2011, na tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, nesi wa wodi ya watoto, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao wote wapo hapa.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2003, ndege aliyoihudumia ilianguka bwawani ikiwa kwenye mafunzo, mwanafunzi wa urubani akaokoka kwa mwavuli, mwalimu wake akafariki. Katika karakana yao kila spana ina nafasi yake kwenye sanduku, na fundi hatii saini ndege iruke mpaka aone nafasi zote zimejaa, lakini siku hiyo kaka aliharakishwa, akatia saini kwanza, na baada ya ajali akakuta nafasi ya spana namba kumi iko tupu, akaenda mwenyewe kwa mkuu wake kusema kwamba huenda ameiacha ndani ya injini. Injini ilikuwa imezama kwenye matope, hapakuwa na wa kumwambia ndiyo wala hapana, akahamishiwa stoo ya matairi, na kwa miaka kumi na moja alizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba ya mjane wa mwalimu. Miaka hiyo ilitutesa sote.

Mwaka 2014 bwawa lilipungua maji, injini ikatolewa, na barua ya tarehe 2 Septemba ikaeleza kuwa pampu ya mafuta ilipasuka kwa ufa wa tangu kiwandani, na spana haikuwemo. Alinipigia simu akashindwa kuongea, nikadhani tumefiwa, kumbe analia kwa furaha. Spana yenyewe haijaonekana hadi leo, na familia inaomba isitafutwe.

Wiki hiyo alikwenda kwa mjane, akaambiwa kwamba hakuna aliyemshuku pale, kosa lake lilikuwa kutokuja kutoa pole.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, na Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na moyo mweupe.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomtibu, majirani waliotuletea viti na maji, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na mjane wa mwalimu, ambaye tulimtengea kiti cha wageni akakikataa, akaja kukaa na wafiwa, kando ya shemeji.

Kaka, amani uliipata ukiwa hai, sasa pumzika nayo.