Msiandike Kwamba Alivumilia

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, poleni kwa msiba na poleni kwa kusimama muda mrefu. Mimi ni binti yake wa kwanza. Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taratibu, alituachia sharti moja kuhusu wasifu huu. Tutalifikia. Kwanza tuanzie alikoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Mama yao alifariki kabla marehemu hajaanza hata kutambaa. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Mama Mkubwa, na ambaye mnamwona hapa mbele kwenye kiti cha kwanza. Mama Mkubwa alikuwa bado msichana, mara akajikuta na jiko, ndoo za maji na wadogo wanne wa kuwaangalia. Hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu. Siku moja marehemu alikanyaga chupa, na kigae kikachokolewa kwa sindano ya kushonea bila yeye kutoa hata mguno. Mama Mkubwa alimwinua juu akawaonyesha wenzake: "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mtu. Huyu ni chuma." Marehemu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo sifa ya kwanza anayoikumbuka maishani, na kwamba aliipenda kuliko sukari.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao, akamaliza mwaka 1976. Huko alianguka kutoka ukutani wakati wa mapumziko, akavunjika mkono wa kulia, akarudi darasani na kukaa kimya. Mwalimu alishtuka alipomwona anaandika kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kisa hicho kilisimuliwa kwa majivuno kila wageni walipokuja, na kila kiliposimuliwa mkono ulizidi kuvunjika. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini hakusema. Hata sisi watoto wake tulikisimulia hivyo hivyo.

Mwaka 1981 alianza kazi ya ususi katika chumba kimoja kilichobanana na duka la vipuri vya magari. Kilikuwa na kioo chenye ufa, viti vya plastiki na dirisha lililoleta harufu ya grisi. Hapo ndipo alipopata jina la Taratibu. Kabla ya kugusa kichwa cha mtu alisema, "Ikivuta, sema. Kichwa ni chako, si changu." Watoto waliokuwa wakilia tangu mlangoni walimkalia wakasinzia. Mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa akimhimiza, "Kaza, mama, zidumu." Marehemu akamjibu, "Nikikaza zitadumu nywele, wewe hutadumu." Wasichana waliokuja kujifunza kazi aliwasuka wao kwanza, tena kwa kukaza hasa, wakashinda nazo siku nzima wakishindwa kufumba macho. Kesho yake ndipo alipowapa kitana.

Mume wake, baba yetu, ni fundi bomba. Aliitwa kuzibua sinki la pale saluni, akajikata kidole, naye marehemu akakishika kukiosha. "Inauma?" "Haiumi." "Muongo wewe, kidole kinatetemeka." Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984. Baba husema aliposhikwa uongo siku ile ya kwanza aliona hana haja ya kujaribu tena. Walijaliwa watoto watatu, na wote tulizaliwa bila mama kupiga ukunga. Wakunga walimsifu, na Mama Mkubwa akazibeba sifa hizo mtaa mzima.

Sasa wazee wetu mtuwie radhi. Tutataja mambo ya wanawake, kwa sababu mwenyewe alitaka yatajwe.

Miaka mingi baada ya hedhi yake kukoma, marehemu alianza kutoka damu. Alimwambia dada yake, wakaenda hospitali pamoja. Daktari, mwanamke mpole, aliwaeleza kwamba angepitisha kamera nyembamba mpaka ndani ya mfuko wa uzazi na kuchukua kinyama kidogo cha kupimwa. Akaeleza pia kuhusu maumivu. Angeweza kumeza vidonge na kufanyiwa akiwa macho, amalize na kwenda nyumbani. Angeweza kuchomwa sindano ya ganzi kwenye shingo ya kizazi. Au angeweza kupewa dawa ya usingizi, alale kabisa, ila hiyo ingebidi arudi siku nyingine bila kula, na awe na mtu wa kumrudisha nyumbani. "Zote zinafaa," daktari akasema. "Wewe mama unapendelea ipi?"

Aliyejibu ni Mama Mkubwa. "Daktari, usihangaike na masindano. Huyu kazaa watatu hata jirani hakusikia. Mpe vidonge vyako, amalize, akasuke watu."

"Namuuliza yeye, bibi."

Marehemu alicheka kidogo, akasema, "Dada ameshasema."

Kuna jambo ambalo Mama Mkubwa hakulijua, na sisi hatukulijua mpaka marehemu alipotusimulia mwenyewe baadaye. Kati ya mtoto wa pili na wa tatu marehemu aliharibikiwa na mimba, akasafishwa kizazi mahali fulani bila dawa yoyote ya maumivu, huku akiambiwa avumilie kidogo. Hakumwambia mtu, hata baba. Kwa hiyo alipopanda kitanda kile cha daktari hakuwa akiogopa kitu asichokijua. Alijikaza kadiri alivyoweza, kisha akamwomba daktari aache, na daktari akaacha palepale. Akamwambia hakuna aibu, wapange siku ya kumlaza usingizi. Marehemu akakubali. Alipotoka nje, Mama Mkubwa aliyekuwa amekaa kwenye benchi alimtazama uso, akasema, "Imekuwaje? Wewe?"

Neno hilo moja lilimmaliza. Akasema, "Wameshamaliza. Niko salama." Nyumbani tulishukuru Mungu, tukapika, tukala. Siku iliyopangwa ilifika, naye akaenda saluni kusuka. Hatukumuuliza majibu ya kipimo yalisemaje, kwa sababu katika nyumba yetu mtu wa chuma haulizwi.

Zaidi ya mwaka ulipita. Aliyegundua ni mteja, muuguzi, aliyeona kwamba Mama Taratibu siku hizi anasuka akiwa amekaa, na kila akiinuka anageuka kutazama kiti. Alimfungia mlango wa saluni akamhoji, kisha akanipigia simu. Nilikwenda naye kwa daktari yuleyule, naye akauliza swali lilelile. Nilifungua mdomo, na marehemu akanifinya paja chini ya meza. "Nataka kulala," alisema. "Kabisa. Nisijue chochote mpaka mmalize."

Alilazwa, akafanyiwa, akaamka. Nilikuwa pembeni ya kitanda. Aliuliza, "Wanaanza saa ngapi?" Nikamwambia, "Mama, wamemaliza zamani." Akatazama dari. "Ni hivi tu?" akasema. "Kumbe ni hivi tu?" Aliugeuza uso ukutani akalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama yangu akilia, nikadhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Majibu yalionyesha saratani, nayo ilikuwa imeshatoka nje ya kizazi. Daktari hakutuficha kwamba ingekutwa mapema mambo huenda yangekuwa mengine. Tunajuta. Tunalisema mbele ya kaburi lake kwa sababu hatuna mahali pengine pa kulisemea.

Alipotibiwa na kurudi nyumbani ndipo alipotupa sharti lake. "Kwenye wasifu wangu msiandike kwamba nilivumilia," alisema. "Nimelichoka hilo neno. Andikeni iliniuma. Andikeni niliulizwa, nikanyamaza." Tulipomaliza kuandika tulimsomea Mama Mkubwa, tukamwambia tuko tayari kuondoa sehemu inayomhusu. Akasema, "Iacheni. Na mseme ni mimi, msiseme 'ndugu mmoja'."

Katika wiki zake za mwisho muuguzi yule mteja alikuwa akija nyumbani kumpa mofini. Siku moja aliuliza, "Mama Taratibu, tuongeze dawa kidogo, au inatosha?" Mama Mkubwa, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, alifungua mdomo. Akaufunga, akauziba kwa kiganja. Marehemu alimtazama dada yake kwa muda, kisha akamwambia muuguzi, "Ongeza, mwanangu. Inauma sana." Dawa ilipoanza kumwingia alitabasamu. "Dada," alisema, "leo umenyamaza vizuri."

Marehemu alifariki dunia tarehe 2 Juni 2023, alfajiri, chumbani kwake, baba akiwa amemshika mkono. Hakuwa na maumivu.

Ameacha mume, dada yake mkubwa aliyekuwa mama kwake, kaka wawili, watoto watatu, wakwe, wajukuu watano, wanafunzi wake wa ususi, na vichwa vingi vya mtaa huu ambavyo havijui vitamkalia nani. Kwa wanawake mlioko hapa, mkubwa kwa mdogo, ametuachia ujumbe tuufikishe kama alivyousema: ukiulizwa, jibu mwenyewe, na ikivuta, sema.

Mungu ampe usingizi kama ule wa siku ile aliouchagua mwenyewe, na safari hii asiamke kwenye majuto yetu.