Aliyepiga Picha ya Binti wa Getini

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imenipa mimi, mdogo wake niliyemfuata ziwa, kazi ya kusoma historia ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Cheka-Kidogo, kwa sababu hakuna aliyekaa mbele ya kamera yake asiambiwe acheke kidogo, hata waliokuja kupiga picha ya kitambulisho. Karatasi hizi zimeandikwa na kuchanwa mara kadhaa tangu jana, na mtanivumilia sauti ikitetemeka, maana si kilio peke yake kinachoitetemesha, ni woga pia, na huko mbele mtaelewa kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mpishi wa shule, na tangu utotoni alikuwa mwoga, hilo nalisema kwa upendo, kwani hata kuku mwenye vifaranga akisimama njiani alinitanguliza mimi, niliyekuwa simfiki begani. Watoto wenzake walimcheka, na mama akawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, basi mwacheni mwanangu na kicheko chake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza mwaka 1964, na Januari 1966 akapelekwa kujifunza kazi katika studio ya picha iliyokuwa mtaa wa nyuma ya soko, chini ya fundi mmoja mkali asiyesifu mtu, aliyemfundisha kanuni moja kuliko zote, kwamba mteja hanunui uso wenye giza. Wakati wa kusafisha picha, mwanga ukishuka kutoka kwenye mashine kwenda kwenye karatasi, fundi hushika waya mwembamba wenye kipande cha kadibodi nchani, akaupitisha juu ya uso ili kuuzuia mwanga kidogo, na mahali hapo karatasi haiwi nyeusi, uso hutoka umeng'aa. Kaka yetu aliijua kazi hiyo mpaka mkono wake ukawa unaifanya wenyewe, hata akiwa anaongea mambo mengine.

Mwaka 1971 fundi wake alistaafu na kumwachia studio, chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa bustani, na nyuma yake chumba cha giza chenye balbu nyekundu, na mlangoni kibati kilichoandikwa TAA IKIWAKA USIFUNGUE, amri ambayo hata mama mzazi aliitii. Mimi niliajiriwa hapo kufagia, kupokea wateja na kukemewa, na mara mojamoja kaka aliuza picha kwa gazeti, mechi za mpira na wageni wa heshima, bila jina lake kuandikwa.

Sasa nakuja kwenye siku ya Jumatano, tarehe 13 Juni 1973, siku askari walipowafyatulia risasi watu wa kiwandani. Wote hapa mnaijua picha ya siku ile, ipo kwenye vitabu vya shule, kwenye stempu, kwenye ukuta wa benki na kwenye fulana za vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa, barabara tupu mbele ya geti la kiwanda, viatu vimetapakaa, askari wamepiga goti na bunduki, na katikati binti amemshika mzee kwapani anajaribu kumwinua, uso wake umegeuka unakutazama wewe. Nimewaona watu wazima wakinyamaza mbele ya picha ile, nimewaona wakilia, na kila mmoja husema binti yule ananitazama mimi, ananiita mimi. Wasomi wameandika kwamba hayo ni macho ya taifa linaloamka. Haya, mimi nawaambia yalikuwa macho ya mtu aliyeelemewa na mzigo, aliyemwona kijana amesimama na kamera kando ya mtaro, akamwambia, "Kaka, acha hiyo, njoo ushike miguu!"

Kijana huyo ni huyu tuliyemlaza hapa. Mpiga picha asiyejulikana, kama wanavyoandika chini ya picha, ni kaka yetu. Alibonyeza mara moja, kisha akaenda akashika miguu, wakambeba mzee yule, mfagizi wa kiwanda, mpaka kwenye kibanda cha kinyozi wa jirani, akakata roho juu ya benchi la wateja. Wala hawakuulizana majina.

Jioni hiyo aliisafisha picha. Binti alikuwa amejitanda mtandio na kivuli chake kilimfunika uso, na mkono wa kaka, mkono uliofundishwa kwamba mteja hanunui uso wenye giza, ukachukua waya ukauangaza uso ule mpaka kope zikaonekana. Hakufikiri chochote. Alhamisi ilitoka gazetini, na Ijumaa asubuhi tukasikia kwamba watu waliovaa kiraia wanapita mitaani na uso huo, wameukata kwa mkasi, wanauliza nani anamjua huyu, na kinyozi amechukuliwa, hata leo kinyozi hajarudi. Kaka alikaa chini sakafuni. Aliniambia, "Mimi ndiye niliyewapa. Ningeuacha ulivyokuwa, wangekuwa wanatafuta mtandio."

Mtu huyu aliyeogopa kuku aliamka akatoka kumtafuta kabla yao. Alimkuta kwenye duka la dobi mkabala na kiwanda, anapiga pasi kama kawaida, hajui kusoma gazeti wala hajaliona, na alipomwambia afunge virago akamcheka, akasema, "Si wewe uliyesimama unachezea kidude chako mimi nateguka mgongo?" Ndipo akamwonyesha gazeti. Dobi mwenye duka alipoiona picha ile alimfungulia mlango wa uani.

Hakuwa na pa kumweka isipokuwa chumba cha giza, na kabla hatujamtafutia hata maji ya kunywa, wanaume wawili wakaingia studio, mmoja ameshika kile kipande cha uso. Walikuwa wanapita studio zote. Waliuliza nani kaipiga, kaka akasema wapiga picha wa mjini ni wengi, wakauliza kuna nini humo ndani, akaonyesha kibati na taa nyekundu inayowaka, akasema, "Mkuu, nikifungua sasa hivi, picha za harusi ya binti wa bosi wenu zinaungua zote, sijui mtamweleza nini." Harusi ilikuwa ya kweli, ila picha zake zilikuwa zimekauka siku nyingi na zipo kwenye bahasha chini ya meza yangu. Mmoja wao akashika kitasa. Ndani chupa ikaanguka.

"Nani yumo?" akauliza, na kaka akajibu, "Msaidizi wangu, mkono wake haujatulia," na mimi, msaidizi wake wa pekee duniani, nilikuwa nimesimama mbele ya mtu yule na ufagio mkononi. Akaniangalia. Nikainama nikafagia mahali nilipokwisha kufagia, na jamani, woga una sauti, niliusikia ukigonga masikioni. Ndipo kaka yetu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui alilipata wapi, alivuta kiti, akawasha taa kubwa, akasema, "Mkiwa mnasubiri, kaeni niwapige picha, hampati kila siku nafasi hii, bure kabisa." Wakatazamana. Yule wa kitasani akakiachia, akatoa kitana mfukoni. "Cheka kidogo, mkuu," kaka akasema, na mkuu akacheka. Wakaondoka wakisema watazifuata Jumatatu, na Jumatatu wakazifuata kweli, zikiwa zimesafishwa vizuri, nyuso zinang'aa.

Binti alitoka humo macho mekundu kwa dawa, akavalishwa nguo za mama yetu, akakaa kwetu kama mpwa aliyetoka mbali, na shangazi yake aliyemlea alitumiwa salamu moja tu, kwamba asiulize. Alikaa wiki, ikawa mwezi, na mama aliyekuwa akimwita mgeni akaanza kumwita mkwe kabla wenyewe hawajaambiana chochote, hivyo tarehe 16 Februari 1974 marehemu alifunga ndoa naye, na ndiye mjane aliyekaa hapo mbele yenu.

Ndiyo. Najua mmeshtuka, na nawasikia mnavyonong'ona. Binti wa Getini, ambaye baada ya serikali ile kuondoka mliambiwa jukwaani kwamba alipigwa risasi dakika chache baada ya picha, na kila mwezi wa Juni mkaweka maua mbele ya sanamu yake, ni huyu mnayemwita Mama Wawili, ambaye amewapigia pasi mashati yenu ya harusi na kuwagombeza kwa kukanyaga ukumbi wake uliodekiwa.

Mtauliza kwa nini hawakusema hatari ilipopita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na zaidi ya hapo, yule wa kitana hakuondoka na serikali yake, tulimwona miaka mingi baadaye kwenye kiti cha heshima, siku ya maua, kisha akainuka akasimama mbele ya picha kama wengine, na kaka akasema huyo anaikumbuka sura ile, anahesabu kope. Basi wakaendelea kunyamaza. Katika nyumba ya mtu aliyepiga picha mji mzima hakuna picha hata moja ya mkewe, wala ya ndoa yao. Mlango ukigongwa, mkewe anaingia jikoni kwanza. Siku jirani mmoja alipotania, "Shemeji, mkeo kafanana na Binti wa Getini, ila huyu kanenepa," sote tulicheka, kaka alicheka kuliko wote, kisha nikaona chai imemmwagikia magotini na hana habari.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1976 na wa kike aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1981. Mwaka 1992 binti yao alirudi na kitabu cha historia, ameambiwa aichore picha ile, akamwomba mama yake akae vile ageuze shingo, eti anafanana naye, apate kuchora vizuri. Mama akakaa. Marehemu aliingia akawakuta hivyo, akakichukua kitabu akakichana, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtoto kelele, kisha akaenda kulia chumbani, na watoto hawakuelezwa sababu mpaka walipokuwa watu wazima.

Agosti 2016 aligundulika na ugonjwa wa figo, na tarehe 21 Oktoba 2018 akalazwa. Ukuta wa wodi ulikuwa na kalenda yenye picha ile, na kila mkewe alipokuja kumwona alimsihi asiingie, akamwambia muuguzi, "Mtoe yule pale, watamwona," wakadhani ni homa inampanda kichwani. Alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono, na neno lake la mwisho kwetu lilikuwa kwamba tusiseme.

Jana jioni tulikaa kulijadili neno hilo. Mwanawe mkubwa alisema baba kakataza na kauli ya marehemu haivunjwi, na mimi nilikuwa upande wake, kwa sababu sijui ni nani amekaa viti vya nyuma, wala sijui watu wa serikali ile waliozeeka wamesahau nini. Mjane akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, "Kila mwaka mnaniona nawekewa maua, nimenyamaza. Lakini msiba huu marehemu ni mmoja, na mimi nataka kumlilia mume wangu kwa uso wangu."

Tunawashukuru madaktari, na kipekee yule muuguzi aliyeiondoa kalenda ukutani bila kuelewa anaombwa nini. Tunawashukuru majirani kwa chakula na usiku mliokesha nasi, na wapiga picha wenzake mliojitolea kubeba jeneza.

Na sasa, wifi yangu ameniambia nikifika hapa nisubiri asimame. Enyi mlioinua simu, nawaomba kwa heshima zote mzishushe, mtazameni kwa macho tu, yatawatosha. Ameutoa mtandio mwenyewe.

Kaka, umekataza nami nimesema, tutagombana tukikutana. Pumzika. Wamemwona, na bado yupo.