Zinki Iliyopakwa Rangi

Kivuko kilikwishaacha gati, na fundi rangi bado anajisifu kwa mama aliyeketi jirani yake, mpiga mbizi mstaafu.

“Bomba la mafuta litakalozamishwa kesho, mama, kutu italisikia kwa jirani. Nimelipaka lote, hata vile vipande vya zinki vilivyofungwa juu yake!”

Mama akashika kichwa. “Mwanangu, zinki huachwa wazi maji ya chumvi yaile yenyewe, bomba lisalimike. Ukiifunika, kitaliwa nini?”

Fundi alichomwa moyoni, lakini abiria walikuwa wanasikiliza. “Kazi yangu haina dosari, mama.”

“Huo ndio ubaya wake.”

Walibishana mpaka kivuko kikafunga kamba. Mama alikwenda kwa wajukuu. Fundi alirudi na kivuko kilekile, akakwangua rangi kwenye zinki zote. Bomba likazamishwa, naye anajisifu mpaka leo.