Aliyepima Kutu Katika Damu za Wenzake

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza dada yetu, poleni na msiba. Mimi mdogo wake nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake, nayasoma kama yalivyokuwa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mkaa. Alizaliwa njiti, na bibi alisema huyu Ijumaa haioni. Aliiona.

Shuleni alikuwa mkimya, ila si mpole. Mwalimu alipompasua chura na wenzake wakageuza nyuso, yeye alisogeza kiti mbele. Alihitimu chuo cha maabara mwaka 1996.

Mwaka 1998 aliajiriwa katika zahanati ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Aliwatoa wafanyakazi damu na kupima kile ambacho wataalamu hukiita mkazo wa oksidishaji. Wao aliwaeleza hivi: "Sumu ya madini ya risasi ikiingia mwilini, inaila damu kama kutu inavyokula bati. Mimi naangalia kutu imefika wapi." Aliamini kutu ikionekana, uongozi utaleta barakoa na kusafisha hewa. Uongozi uliwafukuza wenye kutu. Kila akipima, kuna baba alirudi nyumbani amebeba viatu vyake vya kazi. Ndipo wakambandika jina la Mbu, na sokoni wake zao wakawa wanampisha kama mwenye ukoma. Kiwanda kikapata tuzo ya afya kazini, maana wagonjwa hawakuwemo tena.

Mwaka 2001 aliolewa na mchochea tanuru wa kiwanda hichohicho. Shemeji alimposa mkono ukiwa umefungwa mpira, sindano imeshaingia.

"Na nikikataa?" dada alimuuliza.

"Basi nitoe yote."

Walijaliwa binti, kisha mtoto wa kiume.

Vipimo vile huhitaji damu ya kulinganishia, ya mtu mwenye afya asiyegusa sumu. Miaka yote dada alitumia yake. Mwaka 2016 damu hiyo nayo ikaonyesha kutu. Alirudia kipimo, akabadilisha dawa za kupimia, akailaumu mashine. Mwishowe akayakumbuka maovaroli ya mumewe, aliyokuwa akiyafua kwa mikono katika beseni moja na nguo za watoto, kwa kuwa kiwandani hakukuwa na dobi. Akamleta mwanawe mdogo, aliyekuwa na miaka saba na bado herufi zinamkimbia, akampima. Damu ya mtoto ilikuwa mbaya kuliko ya baba yake.

Alimpelekea meneja majibu yote. Meneja aliyatazama, akamrudishia.

"Tafuta damu ya mtu mwingine ya kulinganishia. Yako haifai tena."

"Na ya mwanangu?"

"Mwanao si mfanyakazi wetu."

Dada alikataa kuiondoa damu yake kwenye majibu. Mwezi haukuisha, akaachishwa kazi, kwa ajili ya afya yake, walivyosema. Alipotoka getini wale aliowapima walikuwa wamekaa ukutani. Mmoja akasema, "Leo Mbu kaumwa," wakacheka. Wengine wenu mko hapa. Hatuna neno nanyi.

Alimsihi shemeji aache ile kazi. Shemeji alimuuliza watoto watakula nini. Figo zilianza kumsumbua dada mwaka 2019. Alivimba miguu, kisha uso, na mwisho hakuweza kushika kijiko. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2023, asubuhi, akimwelekeza muuguzi mshipa wa kuchoma, kwa sababu muuguzi alikuwa ameukosa. Kiwanda kimeleta shada la maua, mnaliona pale.

Ameacha mume, aliyepewa ruhusa ya leo tu na kesho yuko tanurini. Ameacha binti, aliyeomba nafasi ya mama yake pale zahanati na kuipata. Na ameacha mwana wa miaka kumi na minne, ambaye asubuhi hii alikaa kitandani akimngoja mama aje amfungie kamba za viatu.

Dada, pumzika. Amani uliyonyimwa hapa, uikute uendako.