Dobi na Santuri Iliyopindishwa na Jua

Mnaoguna huko nyuma acheni kuguna, maana historia haijaanza na tayari kuna watu wanaotazamana kwa pembe ya jicho, wameshasikia kwamba habari za santuri zitasomwa na wanajisemea kwamba marehemu alikuwa mzee wa kuokota makorokoro, basi, hakuna zaidi. Aliyekuja na mawazo hayo ayakalie mpaka mwisho, ndipo aone kama bado yanafaa kubebwa nyumbani. Haya yameandikwa na dada yake mkubwa, ambaye aliishia darasa la nne lakini macho anayo na masikio anayo, aliyembeba marehemu mgongoni kabla yeyote kati yenu hajamjua, na ambaye hana sababu ya kumpamba mtu asiyeweza tena kusema asante.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Dobi, hata wajukuu wakimwita Babu Dobi, alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1944, nyumbani kwa wazazi wake, katika chumba cha nyuma, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba seremala na mama aliyefua nguo za watu. Alitoka akilia kwa sauti nene, mkunga akasema huyu atakuwa mwimbaji, na mkunga akakosea vibaya, kwa kuwa marehemu alipenda muziki maisha yake yote lakini kuimba hakujua, akiimba ilikuwa kama bawaba inayodai mafuta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1952, akamaliza darasa la sita mwaka 1957, na hesabu zake zilikuwa za wastani, hakuna haja ya kuongeza chumvi. Mwalimu mkuu alikuwa na gramafoni ofisini, siku za mazoezi ya viungo aliiweka dirishani ili wanafunzi watembee kwa mdundo, na marehemu akajitolea kufagia chini ya dirisha lile muhula baada ya muhula, hata pasipokuwa na jani moja la kufagia. Walimu walimsifu kwa usafi. Dada yake, aliyejua jinsi kitanda chake kilivyokuwa, alicheka.

Mwaka 1961 aliajiriwa kupiga pasi katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, na tarehe 1 Februari 1968 akahamia chumba cha kufulia cha hospitali kuu, ambako alikaa mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2004. Alikuwa dobi hasa, wa kola isiyo na kunyanzi na shuka linalokunjwa pembe kwa pembe, na kila nguo aliyopokea aliitia alama ya uzi wa rangi ili asije akampa daktari suruali ya mpishi. Kitu cha kwanza alichonunua kwa jasho lake kilikuwa gramafoni, wakati alikuwa bado analala chini, na alipoulizwa kitanda kiko wapi alijibu kwamba kitanda hakiimbi. Siku hizo alisikiliza dansi tu, magitaa mawili na saksafoni, na muziki mwingine wowote aliuita kelele bila hata kuusubiri ufike katikati.

Tarehe 9 Agosti 1969, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi cherehani wa hospitali hiyohiyo, binti aliyetia viraka mashuka chumba cha pili, mtaratibu, mcheshi, na mwenye kumbukumbu ndefu, jambo la tatu ambalo marehemu hakulichunguza mapema. Bibi harusi alikuja na sanduku, sufuria, na santuri moja ya wanawake wanaoimba kwa makofi na ngoma moja. Marehemu aliisikiliza mpaka nusu ya upande mmoja, akasema hiyo ni kelele ya kufukuzia ndege shambani, na mke wake akaiinua taratibu, akairudisha ndani ya jalada, hakuiweka tena.

Mwezi Januari mwaka 1972, marehemu alileta dansi mpya, rafu ikawa imejaa, akaitoa ile santuri ya mke wake na kuiegesha dirishani, juu ya kizingiti, akaenda kazini. Jua lilikaa pale kutwa nzima. Aliporudi, santuri ilikuwa imejikunja upande mmoja kama sikio la mbwa. Mke wake aliiangalia, akaifunga kwa kitambaa, akaifungia ndani ya sanduku, akapika, wakala. Marehemu akadhani yamekwisha. Wanaume.

Jumapili iliyofuata dada yake alifika kuwasalimia, akamkuta wifi yake anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari, akamuuliza, akaambiwa, akatoka moja kwa moja mpaka uani alipokuwa mdogo wake anasugua viatu kwa brashi. Maneno aliyoambiwa yanaweza kurudiwa hapa, kwa kuwa majirani waliyasikia siku ileile: "Wewe bwana, unajua ni nani anayeimba mle? Yule anayeanza peke yake kabla ya makofi ni mama mkwe wako. Alikufa hata hujaja kuposa, na sauti yake haikubaki popote ila kwenye ile santuri. Umemwanika mama mkwe juani kama shuka la wodini!" Marehemu akaacha kiatu kimoja hakijang'aa. Kisha akaingia ndani, akamwambia mke wake, nipe niinyooshe, mimi ni dobi, kunyoosha ndiyo kazi yangu, naye mke wake akamjibu, "Na kupinda je, nayo ni kazi yako? Mkono ukikaa sawa utapewa."

Hapo ndipo yalipoanza hayo mnayoyaita makorokoro, na leo ndiyo mara ya kwanza kusemwa mbele za watu, kwa sababu marehemu aliona haya na mke wake si mpiga domo. Hakuwa anakusanya. Alikuwa anajifunza. Aliomba santuri mbovu iliyopinda kutoka kwa mwenye baa ya mtaa wa pili, akaifunika kwa leso mbichi, akaipiga pasi ya moto pale kazini kama anavyopiga kola, na santuri ikayeyuka ikang'ang'ania leso, harufu ikaenda mpaka wodi ya wazazi, msimamizi akamfukuza nje na ile leso iliyobaki na mistari ya santuri. Baada ya kuharibu nyingine akagundua kwamba haitaki moto wala haraka, inataka kulazwa katikati ya vioo viwili vya dirisha, juu yake pasi za zamani zikiwa baridi ziwe uzito, iachwe kwenye joto la chumba cha kukaushia, kisha ipoe yenyewe bila kuguswa. Akiigusa kabla haijapoa, inarudi kule kule ilikotoka.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kumletea, mwenye baa, walimu, madereva, mabibi harusi wa zamani, yeyote aliyesahau santuri kwenye gari au karibu na jiko. Naye hakuchagua, kwa sababu aliyeletewa nguo hachagui rangi. Ila alikuwa na utaratibu wake, hakuirudisha santuri kabla hajaisikiliza pande zote mbili, amesimama, mikono nyuma, ili ajue kama sindano inaruka, na kwa njia hiyo mtu aliyeita kila kitu kelele akalazimika kusikiliza kelele zote za mji huu mpaka mwisho. Kwaya ya kwanza aliisikiliza kwa kununa, lakini kwenye upande wa pili akamsikia mwanamume mmoja wa sauti ya chini anayechelewa kidogo kila mara, akairudia ili amsikie tena, akasema anakagua. Matarumbeta aliyakagua mara tatu. Fidla ya mtu mmoja aliyepiga kana kwamba anaomba radhi aliikagua mpaka mwenyewe akaja kuidai kwa ukali.

Watoto walizaliwa wanne, mwaka 1970, 1973, 1976 na 1981, wawili wa kike na wawili wa kiume, na wote wapo hapa. Kila mmoja alilelewa kwa muziki uliokuwa chini ya vioo wakati wake, kifungua mimba kwa dansi, wa pili kwa kwaya, wa tatu kwa matarumbeta, ndiyo maana hajui kuongea polepole, na kitindamimba kwa nyimbo za lugha ambayo nyumba nzima hakuna aliyeijua, mpaka leo anaziimba neno kwa neno na hajui kama anabariki watu au anawatukana.

Wengi hawakurudi kuchukua santuri zao. Wengine walihama, wengine walinunua kaseti, wengine ni uvivu tu, na mnajijua. Marehemu alizitia kila moja uzi wa rangi kwenye pembe ya jalada na kuzipanga kama nguo za wateja, kwa mwenyewe na si kwa aina ya muziki, hivyo kwaya imelala na dansi, na fidla imelala na vichekesho, na alipoambiwa auze alishangaa, akauliza dobi gani anauza suruali ya mtu.

Na kila aliponyoosha moja alimwita mke wake asikilize. Mke wake alikaa, akasikiliza, akasema, "Inaruka." Yeye akasema hairuki. "Kwenye sikio langu inaruka." Basi anarudi kwenye vioo vyake, na lile sanduku halifunguliwi, mwaka unaingia, mwaka unatoka. Msidhani waliishi vibaya. Walicheka sana wale, na jioni walicheza hapo sebuleni muziki wowote uliokuwa umepona siku hiyo, hata ule usiochezeka. Alipokwisha kustaafu, vijana wa nyumba ya jirani walileta spika kubwa na muziki wao wa kuongea badala ya kuimba, marehemu akavaa viatu asubuhi aende akagombe, akarudi saa kumi alasiri, anamuuliza mjukuu jinsi ya kuutia ule wimbo kwenye simu.

Mwezi Novemba 2018 kifua kilianza kumsumbua, madaktari wakasema mapafu yamechoka, akatumia dawa akiwa nyumbani. Mwezi Mei 2019 mikono yake ilikuwa inatetemeka hata kikombe alikishika kwa yote miwili, na ndipo mke wake alipofungua sanduku, akakunjua kile kitambaa, akamwekea santuri mapajani. Marehemu alipapasa pale ilipopinda. Akauliza, "Mkono umekaa sawa leo?" Mke wake akamwambia, "Haujawahi kuwa mbaya kama leo. Shika."

Tarehe 27 Mei aliilaza katikati ya vioo. Chumba cha kukaushia hakuwa nacho tena, kwa hiyo akachagua dirisha lilelile na jua lilelile, akakataa kusaidiwa hata kuinua pasi, akasema ipoe mpaka kesho. Jioni ile pumzi zikamkataa, akakimbizwa hospitali. Kila siku aliuliza kama vioo vimefunguliwa, akijibiwa bado, anasema vizuri, visifunguliwe mpaka nirudi nyumbani. Alifariki siku ya Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, mke wake akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wa chumba cha kufulia waliomletea mashuka yaliyopigwa pasi vizuri ili asilale akinung'unika, na majirani, wakiwemo wale vijana wa spika, waliozima muziki wiki mbili bila kuambiwa. Wenye santuri zao humu ndani, waje Jumapili ijayo, kila mmoja aseme rangi ya uzi wake, akae asikilize pande zote mbili, kisha aondoke nayo, na asiye na muda wa pande mbili aiache ilipo.

Limebaki moja. Alisema vioo visifunguliwe mpaka arudi nyumbani, na amerudi tangu asubuhi, yupo hapo mbele yenu, na gari la kwenda makaburini litasubiri. Hakuna anayejua kilichomo katikati ya vile vioo, kama imenyooka au haijanyooka, hata mke wake hajui, na hajalala vizuri kwa ajili hiyo. Dada yake akimaliza mstari huu atamwachia kifungua mimba karatasi, atamshika wifi yake mkono, wataingia wawili tu, watainua pasi, watainua kioo, wataweka sindano. Ikiruka, iruke, mwimbaji ni yuleyule. Ninyi kaeni kimya pande zote mbili, asiinuke mtu, asikohoe mtu, kama yeye alivyosikiliza za kwenu.

Pumzika, Dobi, umefanya kazi yako, sasa ni zamu ya wengine kukagua. Mlango unafungwa. Dirisha liko wazi.