Wiki Sita za Uongo na Wiki Sita za Kweli

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na ninyi wanakisomo wenzangu mlioweka madaftari magotini, nawasalimu nyote. Mwalimu wetu ameniomba nizungumze kidogo kabla hatujaanza somo. Nikamwambia, mwalimu, mimi hata herufi bado zinanipiga chenga, nitasimama mbele za watu niseme nini? Akasema, sema habari ya sigara. Basi hiyo naijua kuliko herufi. Majina ya watu sitayataja, ila yule anayejijua atajijua, na akitaka kucheka acheke.

Zamani hamkuhitaji kuambiwa kwamba nimefika mkutanoni. Mlikuwa mnanisikia kikohozi tangu kisimani. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuvuta nilianza ujanani, nilipokuwa nakata mkonge upande wa Mnyuzi. Tukimaliza kufunga majani tunakaa kusubiri nyapara aje ahesabu, na katika kusubiri huko kila mtu anatoa chake. Mwenye sigara anavuta sigara, asiye nayo anasokota tumbaku kwenye gazeti. Sikuipenda siku ya kwanza. Nilitapika. Siku ya pili nikaona aibu kuwa peke yangu nisiyevuta. Siku ya tatu sikumbuki, maana kuanzia hapo ni moshi mtupu miaka ishirini na kitu.

Wakati wa kuhamia huku kwenye kijiji kipya nilikuja nayo, kama nilivyokuja na jembe na mke wangu. Mnakumbuka siku ile ilipoletwa mashine ya kusaga, lori likakwama, tukaishusha kwa mikono ile injini mpaka bandani? Mimi nilikuwa pembe ya nyuma. Tulipoinua mara ya pili nikasikia kitu kimeachia hapa chini ya tumbo, kama mshono wa gunia. Nikaendelea kubeba. Usiku nikapapasa, nikakuta uvimbe kama yai la kuku. Ndiyo ngiri hiyo, wengine mnaita mshipa.

Nikaificha. Nilijifunga kitambaa kiunoni, kila nikikohoa nabonyeza kwa mkono. Lakini mke wangu si mtu wa kufichwa kitu. Aliniangalia siku tatu, ya nne akasema, "Baba watoto, kwa nini ukikohoa unashika tumbo kama mwenye mimba?" Nikamwonyesha. Akakaa kitako. Tulikuwa na jirani kule mkongeni, ngiri yake ilijinyonga, ikagoma kurudi ndani, akafa siku ya pili huku analia kama mtoto. Wote wawili tulimzika. Hakuna aliyemtaja, lakini nilijua tunamfikiria mtu mmoja.

Tukaenda Korogwe, hospitali. Daktari alikuwa kijana, akanipa shikamoo, akanipima, akaniweka chombo chake mgongoni na kuniambia nivute pumzi. Akasikiliza muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Mzee, unavuta ngapi kwa siku?"

Nikasema, "Chache."

Mke wangu akasema, "Pakiti, daktari. Na za kuomba kwa watu hazimo."

Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanieleza kwa upole. Akasema ngiri ataishona, hiyo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni mapafu. Mtu wa kifua kama changu akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza kushindwa kupumua vizuri. Akiamka atakohoa, na kikohozi kitavuta nyuzi. "Ukishona gunia, mzee, halafu mtu akalipiga teke kwa ndani, litakaa?" Nikasema halitakaa. "Basi nenda wiki sita bila sigara hata moja. Ukirudi nitakupasua. Usinyanyue kitu kizito, na maumivu yakizidi au uvimbe ukigoma kurudi ndani, njoo saa hiyo hiyo."

Wiki sita! Nikaona ni kitu gani, mbona Ramadhani nafunga mwezi mzima. Ndugu zangu, nawaambia, nilidumu siku mbili.

Siku ya tatu nilinunua pakiti dukani, nikaichimbia ndani ya mahindi kule ghalani. Nikawa natoka kwa visingizio. Naangalia panya. Naangalia kama mvua imeingia. Sijawahi kulijali ghala langu kama nilivyolijali wakati ule. Nikimaliza natafuna majani ya mpera, naosha mikono kwa majivu, narudi ndani nikiwa mtu mwema. Na mke wangu alikuwa ananisifu! Anawaambia wanawake kisimani, mume wangu ameacha, ameweza. Ananipikia mlenda na samaki mkavu kama mgeni.

Wiki sita zikaisha, tukapanda basi kurudi Korogwe. Mke wangu amefunga sufuria, amefunga khanga mbili za kulalia, tayari kuniuguza. Daktari akaniweka chombo mgongoni. Akasikiliza. Akanitazama usoni. "Mzee, umeacha kweli?"

Kabla sijafungua mdomo mke wangu akasema, "Wallahi, daktari, ameacha. Naapa kwa Mungu, hajagusa."

Ndugu zangu, mimi nimepigwa na nyapara, nimewahi kuumwa na nyoka, lakini sijapata kuumia kama pale. Mwanamke huyu anaswali swala tano. Hajawahi kuapa mbele yangu, hata kwa jambo dogo. Na sasa amemwapia mtu mgeni, kwa jina la Mungu, kwa sababu ya uongo wangu. Ningenyamaza, ningepasuliwa siku ile ile. Pengine nisingeamka. Na kama nisingeamka, angebaki na kiapo kile maisha yake yote.

Nikasema, "Mama watoto, usiape. Navuta. Nimevuta jana, na leo asubuhi kabla ya basi."

Daktari hakunigombeza. Alifunika kalamu yake akasema, "Ahsante kwa kusema, mzee. Wiki sita nyingine." Ndiyo hivyo tu. Nafikiri angenigombeza ningepata nafuu.

Kwenye basi mke wangu aliangalia dirishani mpaka tunakaribia kufika. Kisha akasema taratibu, "Sikukasirikia sigara. Sigara najua ina nguvu. Nimekasirika kwamba uliniacha nikawa mjinga peke yangu."

Tulipofika nyumbani nilikwenda ghalani mwenyewe, nikachimbua, nikamkabidhi pakiti. Zilikuwa zimebaki nne. Akazitumbukiza chooni. Nikamwambia, safari hii kila nikishikwa na hamu nitakwambia, hata kama ni mara mia. Akasema, "Niambie hata mara elfu."

Sasa hapa nasema na ninyi mnaotaka kuacha, maana hakuna aliyeniambia mapema. Siku ya kwanza kichwa kinauma. Siku ya pili mikono inatetemeka, hujui uiweke wapi. Siku ya tatu na ya nne, hizo ndizo zenyewe. Usingizi hauji. Njaa inakuja kila saa. Choo kinagoma, na mwenye ngiri hatakiwi kusukuma, samahanini mama zangu lakini nimeambiwa niseme ukweli. Mke wangu alinilisha mapapai mpaka nikaanza kunukia kama papai. Nililia kwa sababu mpini wa jembe umevunjika. Mtu mzima, nimekaa kwenye matuta nalilia mpini! Na kikohozi, badala ya kupungua, kiliongezeka, makohozi meusi kama masizi. Nikadhani nakufa. Kumbe kifua kilikuwa kinajifagia.

Siku ya nne mke wangu aliniwekea bada, ule ugali wa muhogo. Nikalisukuma kando, nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia tangu nimwoe. Nilimwambia, "Rudi kwenu Magoma."

Alinitazama. Akasema, "Nimesikia. Sasa kula."

Akasogeza sahani palepale ilipokuwa. Nilikula, ndugu zangu, machozi yakidondokea kwenye mboga, na yeye amekaa pale pale anamenya muwa kana kwamba sijasema kitu. Nikamwomba radhi. Akanipa kipande cha muwa. Akasema, "Tafuna. Hamu ikija tena, utafune tena."

Na huo muwa ulinifundisha jambo. Hamu ya sigara haikai. Inakuja kwa kishindo, unaona bila kuvuta hufiki jioni, lakini ukimenya muwa mmoja taratibu na kuumaliza, inakuwa imeshapita. Itarudi, ndiyo. Lakini na muwa mwingine upo. Tukaanza kubadilisha mambo pia. Chai ya asubuhi ilikuwa inaniita sigara, basi akaniachisha chai, nikawa nakunywa uji. Njia ya shamba inapita dukani, nikawa nazungukia bondeni. Kigoda changu cha kukalia nikivuta nje ya mlango akampa jirani.

Lakini kidogo niteleze, nisiwafiche. Siku ya tano nilipata wazo la shetani. Nina rafiki yangu mfugaji, kambi yake iko huko mbugani, ndiye anayetuletea maziwa. Yeye hutumia ugoro. Nikajiambia, daktari kakataza sigara, hakutaja ugoro. Nikaondoka asubuhi, nikamkuta anatoa ng'ombe zizini. Tukasalimiana, nikazunguka maneno, mvua, malisho, bei ya ndama, mwisho nikanyoosha mkono. "Nipe kidogo tu."

Akanitazama, akacheka. Akasema, "Lalashe," ndiyo ndugu yangu kwa Kimasai, "mama alikuja hapa jana. Akasema, huyu mume wangu atakuja kukuomba ugoro, usimpe."

Nikasema, "Jana? Mbona mimi wazo nimelipata leo?"

Akasema, "Yeye alilipata kabla yako."

Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika tumbo. Huyo ndiye mwanamke niliyemwambia arudi kwao.

Rafiki yangu akanipa fimbo. "Twende majini," akasema. Tukatembea na ng'ombe mpaka bwawani na kurudi, pole pole, yeye akijua tumbo langu linahitaji nini. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikalala usingizi wa kwanza tangu nianze. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Siku ya nne au ya tano ya kutembea nikamwona anakuna shingo, anasonya, anamgombeza ng'ombe asiye na kosa. Nikamuuliza una nini? Ndipo nikagundua kwamba kopo lake la ugoro haliko kiunoni. Kila siku ninapokuja alikuwa analiacha nyumbani, nisilione. Nusu siku nzima, mtu aliyezoea ugoro tangu utoto, anavumilia kwa ajili yangu. Na hakuniambia. Nilipomuuliza alisema tu, "Unatembea taratibu sana, ndiyo maana nasonya."

Kuanzia hapo sikutamani kurudi nyuma. Hamu niliipata, tena sana. Lakini nilikuwa na watu wawili wanaoteseka pamoja nami, na sikuwa na uso wa kuwaangusha. Wiki ya tatu nikasikia harufu ya mvua kabla haijanyesha, kitu nilichokuwa nimekisahau. Wiki ya tano nilipanda mlima ule wa nyuma ya shule bila kusimama.

Tukarudi Korogwe. Daktari akaweka chombo mgongoni, akasikiliza, akamgeukia mke wangu. "Mama, safari hii ameacha?"

Akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nimestaafu kuapa."

Daktari akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Nikasema, "Sijagusa, daktari. Sigara wala ugoro. Ugoro niliomba, nikanyimwa."

Kesho yake nikapasuliwa. Niliamka mdomo umekauka, mke wangu amenishika kidole gumba, kimoja tu, kama mtoto anavyoshikwa asipotee. Kikohozi kilikuja, lakini kidogo, nikakandamiza mto juu ya kidonda kama muuguzi alivyonifundisha. Nyuzi zikakaa. Siku zilipotimia nikatoka nikitembea kwa miguu yangu, sufuria kabeba yeye.

Masika mbili zimepita sasa. Je, hamu imekwisha? Haijaisha yote. Nikinusa sigara ya mtu asubuhi ya baridi, mate bado yananijaa. Nasema ukweli, nisije nikawadanganya ninyi kama nilivyomdanganya mwenzangu.

Namshukuru daktari yule kijana, aliyenirudisha nyumbani mara mbili ili nisirudishwe nikiwa maiti. Namshukuru rafiki yangu wa mbugani. Najua umesimama pale mlangoni, karibu ndani, nafasi ipo. Na mama watoto, wewe uliyeketi na wanawake pale na kujifunika khanga usoni, nakushukuru mbele ya watu, kwa kuwa nilikutukana bila ya watu.

Funzo langu si kubwa. Nilipopigana nayo peke yangu nilishindwa kwa siri. Nilipomwambia mtu mmoja ukweli, nikapata wa kunimenyea muwa. Najua katika mkutano huu wapo wenye pakiti mifukoni sasa hivi. Msizitoe, sitaki kuziona. Lakini yeyote atakayetaka kuacha, nyumba yangu mnaijua, na miwa nimepanda ya kutosha. Njoo tutafune.