Sindano Hakuchungulia

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogeeni karibu na redio. Leo hakuna wimbo wa kufungulia. Fundi mitambo ameniuliza kwa ishara, kule nyuma ya kioo, kama nimesahau. Sikusahau. Nimemwomba auache.

Leo tunamkumbuka fundi viatu mmoja. Mtaani tulimwita Sindano. Amefariki Alhamisi ya wiki iliyopita, hospitalini, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mke na binti mmoja, muuguzi. Na kabla sijafika mbali, niseme jambo. Najua wapo wenye mkono tayari kwenye kitufe cha kuzima, kwa sababu wamesikia jina hilo. Msizime. Mlisikia kwamba Sindano ni msaliti. Mlisikia kutoka kwangu, mimi huyu huyu, kwenye kipaza sauti hiki hiki. Basi nipeni muda mnisikilize mpaka mwisho.

Sindano alikuwa na kibanda nyuma ya posta. Kibanda chenyewe, ukiingia wewe, kiatu chako kinabaki nje. Alishona, alibandika soli, alipiga rangi. Lakini kila mwaka, klabu yetu ilipoingia kambini kujiandaa na msimu mpya, kibanda kilifungwa saa tatu asubuhi. Sindano alichukua kiatu kimoja cha mteja, sindano na uzi wake, akaenda kwenye kiwanja cha mazoezi kule nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alikaa nje ya uzio wa waya, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aproni yake ya ngozi kiunoni. Alishona na kutazama. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Narudia, miaka kumi na tisa, bila kukosa kambi hata moja.

Jioni alinipigia simu. Mimi niliandika, kisha niliwasomea ninyi. Mnakumbuka ile sehemu yetu ya Kutoka Kwenye Uzio? Ilikuwa ya Sindano. Nilikuwa nasema "mwangalizi wetu," mkadhani tuna mtu wa mshahara. Hatukuwa naye. Tulikuwa na fundi viatu na ndoo.

Na huyu bwana hakutazama mpira. Alisema mpira unatazamwa na kila mtu. Yeye alitazama miguu. Mwaka ule tulipoleta mshambuliaji kwa ngoma na matarumbeta, mji mzima ukalewa sifa, Sindano alinipigia akaniambia, "Huyu kijana kavaa kiatu kidogo kwa namba moja. Mwezi hauishi, kucha zitamtoka." Nikasoma hewani. Watu walinitukana wiki nzima. Siku ya ishirini na mbili, mshambuliaji wetu alitoka uwanjani akichechemea, kucha mbili hazipo. Mwaka mwingine alimwona kipa wa akiba, mwembamba, ambaye hakuna aliyemjua. Akasema mpeni muda huyu, kila akidaka mpira anainama kukaza kamba, huyo ni mtu anayerudia kazi. Leo huyo ndiye nahodha wetu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Zamani hizo, mwaka wa kwanza wa Sindano pale kwenye uzio, kocha wa wakati ule alikuja kwenye uzio amekasirika. Alitaka kuwafukuza mashabiki wote, maana timu ilikuwa inajifunza kona na mipira ya kutenga, na mambo hayo ni siri. Sindano alisimama akamwambia, mwalimu, usitufukuze, sisi ni watu wako. Ukifika kwenye hayo mambo yako piga filimbi mbili, nasi tutageuka.

Kocha alicheka. Hakuamini. Lakini alipiga filimbi mbili, na Sindano akageuza ndoo yake akatazama barabara. Wengine wakafuata. Mwuza magazeti, dereva mstaafu, mama wa duka la vipuri, wote migongo kwa uwanja. Ilipolia filimbi moja ndefu, wakageuka tena. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya pale. Makocha saba walikuja na kuondoka, filimbi mbili zilibaki. Aliyeletwa na udadisi wake akaanza kupindisha shingo, Sindano alimwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, hiyo shingo ina adabu, au tukuitie fundi?" Watu walicheka, na shingo ikarudi mahali pake.

Miaka kumi na tisa. Hakuchungulia hata kona moja. Aliwahi kuniambia kwamba nusu ya mazoezi ya timu yake aliyajua kwa masikio tu.

Haya. Mwaka huu kambi ilikuwa nzuri, tulijaa matumaini. Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya ligi, tulicheza na wapinzani wetu wa siku zote. Mnajua kilichotokea. Tulipata kona nane, na kila kona walitungoja. Mtu wetu mrefu akikimbilia mwamba wa mbele wa goli, wawili wameshasimama pale kama waliotumiwa barua. Kona ya nane waliunasa mpira, wakakimbia nao, wakafunga. Moja bila. Mji ulinuna.

Jumatatu klabu ilitoa taarifa. Ilisema siri za mazoezi zimevuja. Ilisema kuna mtu ajulikanaye kama Sindano, fundi viatu, aliyezoea kukaa kwenye uzio na kuandika, na kwamba mtu huyo amepigwa marufuku kambini na uwanjani. Picha yake ilibandikwa getini. Taarifa ililetwa hapa saa tisa na nusu. Saa kumi nilikuwa nimeshaisoma.

Sikumpigia simu. Wasikilizaji wapendwa, namba yake ilikuwa kwenye simu yangu kwa miaka kumi na tisa, na sikumpigia. Nilisoma kwa ile sauti yangu ya habari nzito. Nikaongeza na la kwangu, nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hilo halikuwa kwenye karatasi. Hilo nilitoa mfukoni mwangu.

Alipiga simu hapa siku hiyo hiyo. Dada wa mapokezi akaja kuniambia Sindano yuko kwenye laini. Nikamwambia amjibu kwamba niko hewani. Sikuwa hewani, nilikuwa nakunywa chai. Akapiga tena jioni. Akapiga tena Jumanne. Mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa hewani.

Mke wake, ambaye mimi humwita shemeji, amenisimulia wiki ile ilivyokuwa. Wateja walikuja kuchukua viatu vyao. Mmoja alidai chake kikiwa kimeshonwa nusu, soli inaning'inia, akaondoka nacho hivyo hivyo mkononi. Mwuza magazeti, aliyekaa naye kwenye uzio miaka kumi na moja, alivuka barabara alipomwona. Kwenye mlango wa kibanda waliandika neno moja kwa rangi. Shemeji alilisugua kwa brashi ya viatu, halikutoka lote. Sindano alimwambia aache, atajiumiza mikono.

Mimi hayo sikuyajua. Au niseme ukweli, sikutaka kuyajua. Nimeyajua Ijumaa, baada ya mazishi, nilipokwenda kutoa pole. Nilikaa sebuleni kwao, kwenye kiti cha karibu na mlango, tayari kuondoka mapema. Binti yake akaja akakaa mbele yangu. Hakulia. Akatoa simu akasema, "Tazama hii, baba mdogo." Miaka yote ameniita baba mdogo. Siku hiyo ilinichoma.

Ilikuwa video ya klabu. Video ya klabu yenyewe, wasikilizaji, waliyoirusha mtandaoni Jumatatu ya kabla ya mechi ili kuonyesha jezi mpya. Wachezaji wawili wanacheka mbele ya kamera. Na nyuma yao, wazi kabisa, timu inapiga kona. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Yule mrefu anakimbilia mwamba wa mbele, unamwona mpaka namba mgongoni. Mpinzani gani angehitaji kupanda uzio? Siri waliianika wenyewe, wakaweka na muziki.

Halafu binti akasimamisha picha, akaikuza kwa vidole. Kule mbali kabisa, nyuma ya waya, kuna watu kumi na mmoja wamekaa. Wote migongo. Katikati yao kuna mgongo mmoja wenye kamba za aproni ya ngozi.

Binti aliitunza video siku ile ile iliporushwa kwa sababu ilimchekesha. Alimtania babake, amekaa kwenye uzio miaka yote hiyo, na siku ya kutokea kwenye video ya klabu kaonyesha mgongo. Walicheka wote watatu mezani. Jumapili, baada ya kufungwa, klabu iliifuta video. Jumatatu ikatoa ile taarifa. Narudia ili isiwapite: Jumapili walifuta, Jumatatu wakamtaja Sindano. Walijua.

Mtauliza, sasa kwa nini hakuitoa hiyo video? Hata mimi niliuliza. Jumatano baba na binti walikwenda ofisini kwa klabu. Msemaji wa klabu aliitazama video hadi mwisho. Hakubisha. Aliwafungia mlango, akawapa viti, akasema ni kosa la kijana mmoja wa kamera, na kwamba jambo hili likitoka sasa litaivuruga timu kabla ligi haijaanza. Akamwomba Sindano anyamaze siku kumi tu. Siku ya mechi ya kwanza, alisema, jina lake litatangazwa uwanjani, mbele ya watu wote, na ataombwa radhi.

Na Sindano alikubali. Aliponyamazishwa na redio, akaahidiwa na klabu, nani angemlaumu? Binti alimsihi waisambaze. Babake akamwambia, "Mwanangu, hii timu nimeitunzia siri miaka kumi na tisa. Haiwezi kunidanganya mimi."

Siku kumi alinyamaza. Alipita mtaani akitukanwa, akanyamaza. Siku ya mechi ya kwanza alivaa jezi yake, shemeji akaipiga pasi mara mbili, wakaondoka mapema ili wapate nafasi karibu na vipaza sauti. Getini picha yake ilikuwa bado ukutani. Mlinzi aliitazama picha, akamtazama yeye, akamwambia apishe wengine. Sindano alimweleza kwa utulivu kwamba leo kuna tangazo. Mlinzi akaingia kuuliza, akarudi, akasema hakuna tangazo lolote kuhusu mtu yeyote. Walisimama nje mpaka timu zikaingia. Alitaka kusikia mwenyewe. Yakasomwa majina ya wachezaji, wadhamini, na gari lililoziba njia. Basi. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi iliyofuata moyo wake ulisimama. Nami nitende haki hapa pia. Alikuwa na maradhi ya moyo miaka minne, dawa kila asubuhi. Shemeji amenikataza kukuza mambo. Kasema, "Usiseme klabu imemuua. Amekufa kwa maradhi yake. Ila amekufa akiitwa msaliti, na hilo mlimpa ninyi."

Asante ya punda ni mateke, wahenga walisema. Lakini punda ana udhuru, ni punda. Sisi wengine je?

Hapa mezani nina barua ya klabu, ya rambirambi. Imeletwa mchana nikaombwa niisome. Ina mistari sita. Inamwita shabiki mwaminifu. Samahani haimo, video haimo, picha ya getini haimo. Safari iliyopita waliniletea karatasi nikaisoma bila kuuliza. Hii siisomi. Nimewapigia simu mara tatu tangu saa nane, wapate nafasi ya kujibu. Nimeambiwa msemaji yuko kikaoni. Najua vikao vya namna hiyo.

Kwa hiyo nasema mwenyewe, taratibu, ili asikike hata aliye jikoni. Sindano hakuvujisha siri ya timu. Siri ilivujishwa na klabu yenyewe, kwa video yake yenyewe. Klabu ilijua, ikamsingizia. Mimi nilisoma uongo huo bila kumwuliza, kisha nikamkimbia kwenye simu. Nitayasema maneno haya kesho saa kumi, kwenye habari, saa ile ile niliyomchafulia jina. Na keshokutwa. Bosi wangu ananisikia sasa hivi, tutaelewana baadaye.

Kwa mke wake, kwa binti yake, kwa ndugu na majirani, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Kwa ninyi mliovuka barabara, mliochukua viatu nusu, mlioshika brashi ya rangi, sitawahubiria, sina mdomo huo. Ila jiulizeni, siku mliponisikia mimi nikimsema, nani kati yetu alikwenda kibandani kumwuliza yeye? Mtu alikuwa pale pale, nyuma ya posta, mlango wazi.

Nilimwomba shemeji akae karibu na redio jioni hii. Amekataa. Nikamwambia, shemeji, ni kwa ajili yake, nakwenda kumsafisha. Alikuwa anakunja ile jezi. Hakuinua hata kichwa.

"Ulimchafua watu wakisikia," akasema, "msafishe watu wakisikia. Mimi nisikie nini? Mimi nilikuwa najua."